Reli naiona imenyooka, mkato unatoka na tumbo: kosa liko wapi?

#1 SeremalaMoro

Wakuu, salaam. Naomba msaada, mteja anakuja Jumamosi na kazi imenikwamia.

Nipo Morogoro, natengeneza makabati ya jikoni. Huu ni mwezi wa tatu natumia msumeno wa reli, ule ambao bledi inazama kutoka juu na mashine inateleza kwenye reli ya alumini. Nina reli mbili za milimita 1400. Nikitaka kupasua bodi nzima ya 2440 naziunga kwa vile vyuma viwili vinavyoingia kwenye mfereji wa chini.

Juzi nimekata milango miwili ya kabati refu, MDF (ile bodi ya mbao iliyobanwa kwa gundi) ya milimita 18, kila mlango 2300 kwa 450. Nimefunga bawaba, nikafunga milango: juu inagusana, chini inagusana, katikati kuna mwanya wa milimita 3. Kadi nne za benki zikibebana zinapita bila kukwaruza.

Nimeweka jicho kwenye reli kutoka kichwani, naiona imenyooka kabisa. Bledi ni mpya. Klampu mbili, moja kila mwisho, nilikaza. Tumbo linatoka wapi? Reli, muungo, au mkono wangu?

#2 Kibanzi

Naweka kambi hapa. Kwangu ni hivyo hivyo, miaka yote nilikuwa nalaumu bodi.

#3 MzeeWaKeko

Jicho linadanganya, mwanangu, hasa kwenye alumini inayong'aa. Chukua uzi wa nailoni, ule wa waashi, uvute ubavuni mwa reli toka kichwa hadi kichwa mpaka ulie kama zeze. Kila mwisho, kati ya uzi na reli, weka kipande kidogo cha bledi ya msumeno wa chuma. Chukua kipande cha tatu cha bledi hiyo hiyo ukipitishe katikati. Kikikwama, reli imetoa tumbo kuja kwako. Kikicheza, imeingia ndani. Uzi unalegea kwenda chini kwa uzito wake, lakini kwenda ubavuni haulegei.

Nimefunga milango Keko tangu reli hizo hatuzijui, na uzi haujaniangusha.

#4 FundiNakuru

Heshima Mzee wa Keko. Nyongeza: hata bila uzi unaweza. Laza reli kwenye bodi, weka alama mbili, moja kila mwisho, chora mstari wa penseli kufuata ukingo wa reli. Kisha igeuze reli nzima, kichwa kiende mkiani, ukingo ule ule urudi kwenye alama zile zile lakini kutokea upande wa pili wa mstari. Chora tena. Reli ikiwa nyoofu utaona mstari mmoja. Ikiwa na tumbo, utaona umbo la mtumbwi, na upana wa huo mtumbwi katikati ni mara mbili ya kosa lako.

Penseli ichongwe kali. Mstari mnene unaficha nusu milimita bila shida.

#5 HesabuMbao

Kabla hatujafika mbali: milimita 3 uliyoipima si kosa la mkato mmoja. Ni milango miwili inayotazamana, kila mmoja umeingia ndani. Gawa kwa mbili, unapata 1.5 kwa kila ukingo. Bado ni kubwa, ila ni nusu ya ulichokuwa unakihofia.

Jambo lingine kwa wanaosoma: usipime kwa kurudisha pamoja vipande viwili vya mkato mmoja. Hata mkato uwe umepinda kama ndizi, vitakaa vizuri, kwa sababu kimoja kina tumbo na mwenzake ana shimo la tumbo hilo hilo. Lazima ugeuze kimoja.

#6 SeremalaMoro

#5 ahsante, hapo umenifungua macho. Mzee wangu #3, kesho asubuhi navuta uzi.

#7 MswahiliHamburg

Nafanya kazi kwenye karakana ya maseremala hapa Hamburg, mwaka wa nne sasa. Nimesoma maelezo yako na nina hakika asilimia kubwa tatizo ni muungo.

Wengi wanaunga kwa kusukuma reli mbili zigongane vichwa, halafu wanakaza. Vichwa vya reli havijakatwa kwa skwea kamili, hakuna anayeahidi hivyo. Ukivigonganisha, reli mbili zinafuata pembe ya vile vichwa na si unyoofu wa mbavu zao. Acha mwanya mdogo kati ya vichwa, kama unene wa kadi mbili za benki ulizozitaja. Kisha laza rula ndefu ya chuma ubavuni, ivuke muungo, ibane kwa klampu mbili huku na mbili kule. Hapo ndipo ukaze zile skrubu ndogo zisizo na kichwa, moja huku, moja kule, kidogo kidogo kama unavyokaza nati za tairi la gari.

Na usikaze kwa hasira. Skrubu hizo zinasukuma alumini kwa ncha. Ukizidisha, mfereji unavimba na reli inanyanyuka au inapinda pale pale. Alenki fupi (ule ufunguo wa pembe sita), vidole viwili, inatosha.

Hesabu yake: chuma cha kuungia kikiwa na sentimita 30, kila reli inashika 15 tu. Mchezo, yaani kulegea, wa sehemu ya kumi ya milimita ndani ya hizo sentimita 15, ukifika mwisho wa reli ya 1400 umekuwa karibu milimita 1.

#8 HesabuMbao

#7 hesabu yako ni sahihi ukiipima kule mwisho huku reli ya kwanza ikiwa imeshikiliwa. Lakini SeremalaMoro amebana vichwa vyote viwili, kwa hiyo kosa linajitokeza katikati kama tumbo. Kwa mkato wa 2300 wenye muungo katikati, mchezo huo wa 0.1 unaleta tumbo la kama milimita 0.4. Ili lifike 1.5, muungo ungehitaji mchezo wa karibu 0.4 ndani ya sentimita 15. Hapo ungeona kwa macho reli zinatingishika.

Sikatai muungo. Nasema muungo peke yake haufiki.

#9 MswahiliHamburg

Sawa, nakubali. Lakini 0.4 si kitu cha kudharau, ni mlango unaoonekana umeachia.

#10 BintiRanda

Jamani, mbona hakuna aliyeuliza klampu? Amesema mwenyewe: mbili, moja kila mwisho. Maana yake katikati, penye muungo, pale palipo dhaifu kuliko pote, hakuna kinachoshika isipokuwa ile mikanda myeusi ya mpira chini ya reli.

Mimi nipo Arusha, karakana yetu tuko wanawake watatu. Mwaka juzi tulihangaika na tumbo la namna hii wiki nzima. Ilikuwa hivi: ukianza mkato umesimama vizuri, mashine iko mbele yako. Ukifika katikati ya bodi umenyoosha mkono, unaanza kusukuma mashine huku unaiegemea ubavuni bila kujua. Reli iliyobanwa ncha mbili inakubali kusogea katikati kama upinde. Ukimaliza inarudi ilipokuwa, unaweka jicho, unaiona imenyooka. Ndiyo maana jicho lako halijaona kitu.

Sasa tunafanya hivi. Tunafuta ile mikanda ya mpira kwa kitambaa chenye spiriti kila asubuhi, maana vumbi la MDF likikaa pale reli inateleza kama sabuni. Tunapeperusha vumbi la bodi yenyewe. Na tukikata bodi ndefu, tunatembea na mashine, hatunyooshi mkono. Mwili mzima unasogea, kiwiko kinabaki karibu na mbavu.

#11 Kibanzi

#10 hiyo ya kutembea na mashine naichukua. Sijawahi kufikiria.

#12 SheikhMaskati

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Maskati. Mnasahau jua. Huku wakati wa kiangazi nikiacha reli nje siwezi kuishika kwa mkono mtupu. Alumini inatanuka sana ikipata moto. Ndugu wa Morogoro, unakatia wapi, ndani au uani? Kama ni uani saa sita mchana, basi reli imepinda kwa joto, na ukiingiza ndani inarudi. Mimi siku hizi nakata baada ya swala ya alfajiri.

#13 HesabuMbao

Wa alaykum salaam. Kutanuka ni kweli, ila tutenganishe mambo mawili. Alumini hutanuka kama sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii moja. Reli ya mita 2.4 ikipanda joto digrii 30 inarefuka kama milimita 1.7. Lakini kurefuka si kupinda. Ikirefuka yote kwa usawa inabaki nyoofu, ila ndefu zaidi.

Inapinda pale tu ambapo ubavu mmoja una joto kuliko mwingine. Na alumini inasambaza joto haraka mno, kwa hiyo tofauti hiyo haidumu.

#14 SheikhMaskati

Haidumu kwako uliye kivulini na kalamu. Mimi nimeona reli nusu juani nusu chini ya turubai, na mkato ukatoka na tumbo. Nikaihamishia ndani, nikasubiri, nikakata tena, ikanyooka. Siwezi kukataa nilichokiona kwa sababu ya hesabu.

Halafu kuna jambo jingine: amebana ncha zote mbili kwa nguvu. Reli ikirefuka hizo milimita 1.7 na ncha zimefungwa, itaenda wapi kama si ubavuni?

#15 HesabuMbao

Hilo la klampu na ncha zilizofungwa ni hoja nzito. Narudi nyuma hatua moja hapo. Klampu ingekuwa inateleza kidogo kabla reli haijapinda, nadhani, lakini siwezi kulipinga.

#16 SeremalaMoro

Nakatia uani chini ya mwembe. Jua linapenya vipande vipande.

#17 MzeeWaKeko

Mwembe! Sasa Sheikh atalala usingizi mzuri leo.

#18 FundiMvita

Ngojeni kwanza, nyote mnaishika reli shingo, na bodi je? Mbao ina roho yake. Hapa Mombasa nimepasua mkongo na mvule, ubao umelala kama maji, msumeno ukipita tu vipande viwili vinafunguka kama mkasi. Reli haina kosa. Mkazo uliokuwa ndani ya mbao umepata njia ya kutoka. Kwa mbao ngumu mimi napasua kwanza nikiacha milimita 5 za ziada, nailaza usiku, asubuhi napitisha mkato wa mwisho.

#19 BintiRanda

Shikamoo Fundi Mvita. Kwa mbao nzima ni kweli tupu. Lakini hii ni MDF, ambayo ni nyuzi ndogo ndogo za mbao zilizochanganywa na gundi na kubanwa. Nyuzi zake hazielekei upande mmoja.

#20 FundiMvita

Marahaba binti yangu. MDF inayosimamishwa ukutani mwezi mzima dukani nayo inapinda. Umeiona.

#21 BintiRanda

Inapinda kifua, uso unaingia ndani au kutoka nje. Sijaiona ikipinda kwenye ukingo wake.

#22 MswahiliHamburg

Kuna njia ya kuamua kati ya bodi na reli, na haigharimu hata senti. Ukimaliza mkato, USIFUNGUE klampu. Inama uangalie ule mpira mwembamba wa ukingoni mwa reli ulivyokaa na ukingo uliokatwa. Kama mpira na ukingo vinafuatana toka mwanzo hadi mwisho, bodi imekatwa kama reli ilivyolala, na tumbo ni la reli. Kama bodi imeachana na mpira katikati, basi ama bodi imejitanua baada ya kukatwa, kama asemavyo Fundi Mvita, ama reli ilisukumwa wakati wa kukata ikarudi, kama asemavyo BintiRanda.

#23 FundiNakuru

Hii ni dhahabu. Ila hizo mbili za mwisho unazitenganishaje?

#24 MswahiliHamburg

Pitisha mashine mara ya pili kwenye mkato ule ule bila kusogeza reli, polepole, kidole kimoja tu nyuma ya mashine. Bledi ikinyoa tena, fungua macho uone inanyoa wapi. Zaidi ya hapo nami nasubiri wengine.

#25 Pwagu_wa_Mbao

Mimi swali langu ni dogo. Hivi kulikuwa na haja ya haya yote? Baba yangu alipasua bodi kwa msumeno wa mkono na kamba ya chaki, na makabati yake bado yanafungwa. Hizi reli ni vitu vya juzi tu, biashara ya wazungu.

#26 MswahiliHamburg

Si vya juzi, mkuu. Festool hapa Ujerumani waliingiza reli ya kuongozea msumeno mwaka 1962. Pengine baba yako alikuwa bado kijana.

#27 MzeeWaKeko

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Pwagu, msumeno wa mkono ni mzuri na namheshimu mzee wako, lakini mteja wa leo anataka makabati kumi na mbili kwa wiki mbili, na ukingo uwe safi ubandikwe utepe bila randa. MDF hata ukiipiga randa inakula chuma tu.

Kwa asiye na hela ya reli, kuna reli ya kienyeji. Kata ubao wa MDF wa milimita 6, upana kama sentimita 30. Juu yake gundisha na kukaza ukanda mnyoofu wa plaiwudi ya 18. Huo ukanda utoe kwenye ukingo wa kiwandani wa bodi, usitoe kwenye ukingo uliokata wewe. Kisha chukua msumeno wako wa kawaida wa mviringo, kitako chake kifuate ukanda, upitishe mara moja. Msumeno utakata ile MDF ya chini sawasawa na bledi yako inapopita. Tangu hapo, ukingo wa MDF ndio mstari wako. Unaulaza kwenye alama na kukata. Ndivyo vijana wangu wanavyoanza, na wengine hawajaona haja ya kununua nyingine.

#28 Kibanzi

Mzee na ukingo wa kiwandani nao unyoofu wake una uhakika?

#29 MzeeWaKeko

Vuta uzi!

#30 FundiNakuru

Tukiwa hapo hapo kwenye ukingo wa kiwandani: msiamini pia pembe zake. Bodi ya 2440 kwa 1220, pima ulalo kona kwa kona, pande zote mbili. Zote zikiwa 2728 iko skwea. Nimewahi kupokea bodi ambazo ulalo mmoja ulimzidi mwenzake kwa milimita 4. Ukianza kukata ukitegemea ukingo huo, kabati zima linaegemea, na utalaumu reli bure.

#31 MamaLipuli

Samahani nachelewa. SeremalaMoro, kuna kitu hujasema. Reli zako mbili ni za kampuni moja?

#32 SeremalaMoro

Hapana. Moja ilikuja na mashine. Ya pili niliinunua kwa fundi mwenzangu aliyekuwa anaacha kazi. Ni ya kampuni nyingine, ila mashine inateleza juu ya zote mbili bila kukwama, ndiyo maana sikuona neno.

#33 FundiNakuru

Duh.

#34 Kibanzi

Kumbe!

#35 MamaLipuli

Nilijua. Hapa Iringa yalinikuta. Mashine kuteleza ni jambo moja, reli kulingana ni jambo jingine. Ule uti wa katikati, ule unaoshikwa na mfereji wa kitako cha mashine, unaweza kuwa na unene unaotofautiana kidogo mno, hata unene wa karatasi. Kwenye kitako cha mashine yako kuna vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja mbele kimoja nyuma. Hivyo ndivyo vinavyoondoa mchezo. Ukivirekebisha kwenye reli ya kwanza, mashine ikivuka muungo inakuta uti mwembamba zaidi, inaanza kucheza kushoto kulia. Au inakuta uti mnene, inakaba, unasukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayopinda reli.

Jaribu hivi: weka mashine kwenye reli ya kwanza bila umeme, jaribu kuitikisa ubavuni. Ihamishe kwenye ya pili, itikise tena. Sikiliza. Mlio wa "tak tak" mdogo ndio huo mchezo.

#36 MswahiliHamburg

Naongezea kwa faida ya wanaotaka kununua reli za ziada. Mashine za Makita na Festool zinapita kwenye reli za mwenzake, ingawa kile kizuizi cha Makita kinachozuia mashine isiangushwe ubavu unapokata mshazari kinahitaji mfereji wa reli yake. Reli za kisasa za Bosch zinaelewana na za Mafell. DeWalt ana yake yenye ukingo wa kukatia pande zote mbili. Lakini kupita juu ya reli na KUUNGA reli mbili za kampuni tofauti ni vitu viwili. Mimi nisingeunga.

#37 HesabuMbao

Na ule mpira wa ukingoni? Reli mbili zikitofautiana upana, mpira wa moja utatangulia na wa nyingine kubaki nyuma. Ukipanga reli kwenye alama kwa kufuata mpira, umeipanga kwa mistari miwili tofauti.

#38 SeremalaMoro

Hapana, hilo nililifanya vizuri. Nilibandika mpira mpya kwenye zote mbili, nikaziunga, kisha nikapitisha mashine mara moja toka mwanzo hadi mwisho. Mpira ulikatwa wote kwa pamoja na bledi ile ile.

#39 MamaLipuli

Na baada ya kuukata hujabadilisha bledi? Maana #1 umesema bledi ni mpya.

#40 SeremalaMoro

Nimebadilisha baada ya kuona tumbo. Ya zamani ilikata 2.2, mpya wameniambia ni 1.8.

#41 MamaLipuli

Basi sasa mpira wako hausemi tena ukweli. Tofauti ni ndogo, na haileti tumbo, lakini kila kipimo utakachopanga kwa mpira kitakuwa na kosa, na vibanzi vitaanza kunyofoka kwenye fomaika. Badilisha mpira, au rudisha bledi ya zamani ikiwa bado kali.

#42 Pwagu_wa_Mbao

Naomba kuuliza tena bila kugombezwa. Upande mzuri wa bodi unaangalia juu au chini? Nimezoea msumeno wa meza, naweka juu.

#43 BintiRanda

Hakuna wa kukugombeza kaka. Kwenye msumeno wa meza meno yanashuka upande wako, ndiyo maana uso mzuri unakuwa juu. Msumeno huu meno yanapanda kutoka chini, kwa hiyo kwa kawaida uso wa juu ndio ungenyofoka. Ila ule mpira unaukandamiza uso pale pale meno yanapotokea, kwa hiyo bado unaweka uzuri juu, chini ya reli. Kipande unachokihitaji ndicho kinachokaa chini ya reli. Upande wa nje hauna mpira wa kuukinga.

Na bledi isizame kupita kiasi. Milimita 3 hivi chini ya bodi zinatosha.

#44 FundiMvita

Na usisimame nyuma ya mashine moja kwa moja. Kijana wangu mmoja alizamisha bledi katikati ya bodi huku bodi imening'inia kati ya meza mbili. Bodi ikalegea, mkato ukabana bledi, mashine ikarudi nyuma na kuruka toka kwenye reli. Ilimkosa paja kwa upana wa kiganja. Tangu siku hiyo kwangu hakuna bodi inayokatwa bila mbao nne chini yake, mbili kila upande wa mkato, hata mteja awe anapiga simu kila dakika.

#45 Kibanzi

Tumshukuru Mungu. Hii iwekwe mwanzo wa mada.

#46 SeremalaMoro

Wakuu, nimerudi. Nimeamka saa kumi na moja, baridi, jua bado. Nimefanya yote mliyonipa, nawaletea kama yalivyo.

Uzi wa Mzee: reli zikiwa zimeungwa kama nilivyoziacha, kipande cha bledi kinacheza katikati, mwanya kama nusu milimita. Kwa hiyo muungo una kosa, Hamburg alikuwa sahihi. Nikafungua, nikaacha mwanya kati ya vichwa, nikabana rula, nikakaza kidogo kidogo. Uzi ukakubali, kipande kinapita kikigusa kidogo toka mwanzo hadi mwisho.

Kutikisa kwa MamaLipuli: reli ya kwanza kimya. Ya pili, "tak tak", naisikia na kuihisi kwenye kiganja. Nimekaza vifundo kwa kufuata reli ya pili, sasa kwenye ya kwanza mashine inakaba kidogo lakini inakwenda.

Nikafuta mikanda kwa spiriti. Kitambaa kimetoka cheusi.

Nikakata kipande cha MDF cha 2300. Sikufungua klampu. Mpira na ukingo vinafuatana vizuri, isipokuwa kama sentimita 40 za mwisho, bodi imeachana na mpira kwa unene wa kucha. Nikakata viwili, nikageuza kimoja, nikavikutanisha: tumbo la katikati limekwisha. Lakini sasa kuna mwanya kule mwisho, karibu milimita 1.

#47 MzeeWaKeko

Hongera kijana. Kutoka 3 kufika 1 kwa asubuhi moja, umefanya kazi.

#48 SheikhMaskati

Na umekata kabla ya jua. Sisemi zaidi.

#49 HesabuMbao

Sheikh, amebadilisha mambo manne kwa pamoja. Hatuwezi kujua lipi limeponya.

#50 SheikhMaskati

Jua nalo ni la tano.

#51 FundiMvita

Bodi kuachana na mpira mwishoni, si nilisema? Mkazo unatoka mwishoni, kipande kinapokaribia kukatika.

#52 BintiRanda

Mwishoni ndipo mkono unapofika mbali pia, Fundi. SeremalaMoro, ulitembea na mashine au ulinyoosha mkono?

#53 SeremalaMoro

Nilitembea. Nilihakikisha. Nimejaribu pia reli ya kwanza peke yake, bila muungo, mkato wa 1200. Mwishoni bado inatoka nje nusu milimita, sentimita kama 20 hivi za mwisho.

#54 MamaLipuli

Basi si muungo, na si reli ya pili. Waya wa umeme unapita wapi? Na bomba la kunyonya vumbi?

#55 SeremalaMoro

Vyote viwili vinatoka nyuma ya mashine, vinalala juu ya bodi, vinapita kwenye kichwa cha reli pale ninapoanzia.

#56 MamaLipuli

Juu ya kichwa cha reli, au vinashuka pembeni yake?

#57 SeremalaMoro

Ngoja nikaangalie.